Karatasi ya Mahakama Ikikufikia Ukiwa Marekani

Bahasha yenye jina la mahakama usiitupe kwenye droo, wala usingoje mtoto arudi shuleni aje kukusomea. Ifungue siku hiyo hiyo. Hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, kuna vitu vinne utavipata bila msaada: jina la mahakama pale juu, majina ya pande mbili yaliyotenganishwa kwa herufi v, namba ya kesi, na tarehe. Jina lako likiwa chini au baada ya herufi hiyo, basi wewe ndiye unayeshtakiwa au unayedaiwa. Jina la kwanza likiwa la jimbo, mathalani State of Ohio au Commonwealth of Kentucky, mara nyingi ni kesi ya jinai. Likiwa la mtu binafsi, la mwenye nyumba au la kampuni ya kukusanya madeni, hiyo ni kesi ya madai. Piga picha kila ukurasa pamoja na bahasha yenyewe, na uandike pembeni siku uliyoipokea.

Tarehe isome kwa uangalifu. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/04 ni Machi 4, si tarehe 3 Aprili. Saa nazo zina mtego wake: kikao cha 8:30 AM ni saa mbili na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Wapo watu wema, wenye haki yao mkononi, waliopoteza kesi kwa kufika mahakamani siku au saa isiyo yake.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Marekani: Mkongo aliyetoka kambini Nyarugusu akapewa makazi Louisville au Grand Rapids, Mkenya wa Lowell au Minneapolis, Mtanzania wa Houston. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mwenye haki atasikilizwa, hata akichelewa, hata akikosea kujaza fomu, maana mkubwa aliyekaa pale mbele atauliza hadi ukweli ujulikane. Aliyekulia Kongo, ambako sheria ilirithiwa kwa Wabelgiji na hakimu mwenyewe huchunguza, huliamini hilo zaidi. Jaji wa Marekani kazi yake ni tofauti. Yeye ni kama refa: hachezi upande wowote, anatazama tu kile ambacho kila timu imeleta uwanjani ndani ya muda. Upande usiofika hushindwa, na upande unaonyamaza pale unapotakiwa kujibu huhesabiwa kuwa umekubali. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatoka kwenye jambo hilo moja.

Jimbo na serikali kuu

Nchi hii ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Mmoja ni wa serikali kuu. Mwingine ni wa jimbo, na kila jimbo kati ya yote 50 lina wake, wenye majina yake na taratibu zake. Kifo cha George Floyd kinaonyesha vizuri jinsi mifumo hii inavyofanya kazi. Tukio lilikuwa moja, mjini Minneapolis, Mei 25, 2020, lakini kesi zilikuwa za aina tatu. Jimbo la Minnesota lilimshtaki polisi Derek Chauvin kwa mauaji, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu. Serikali kuu nayo ikamshtaki kwa kumvunjia Floyd haki zake za kikatiba. Akakiri, na mwaka 2022 akapewa miaka 21. Familia ya marehemu kwa upande wao walifungua kesi ya madai, na jiji likakubali kuwalipa dola milioni 27. Katiba inakataza serikali kumshtaki mtu mara mbili kwa kosa lile lile, ila jimbo na serikali kuu huhesabiwa kuwa serikali mbili.

Wewe, kwa mambo ya kila siku, utakutana na mahakama za jimbo. Talaka, malezi ya watoto, kodi ya nyumba, faini za barabarani, ugomvi, wizi wa dukani, deni la hospitali: yote hayo ni ya jimbo. Mahakama za serikali kuu hushughulikia makosa ya sheria za nchi nzima, watu au kampuni kufilisika, na baadhi ya madai kati ya wakazi wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Zimepangwa kwa ngazi. Chini kuna mahakama za wilaya 94, juu yake mahakama za rufaa 13, na kileleni Mahakama ya Juu iliyoko Washington yenye majaji 9. Majaji wa mfumo huu huteuliwa na rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kazini maisha yao yote wasipotenda kosa la kuwaondoa. Katika majimbo mengi majaji huchaguliwa kwa kura, kama mameya.

Jina la mahakama lisikutishe. Huko New York, mahakama inayoitwa Supreme Court ndiyo ya kuanzia kesi, na ya juu kabisa ya jimbo hilo huitwa Court of Appeals. Soma jina la jimbo na la kaunti, kisha mpigie simu karani wa mahakama kwa namba iliyo kwenye karatasi. Karani haruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria, lakini atakwambia kesi ni ya nini, ni chumba gani, na fomu ipi unatakiwa kuijaza.

Ukidaiwa

Katika kesi ya madai hakuna anayekwenda jela kwa sababu ameshindwa. Kinachogombewa ni fedha, nyumba, mali au watoto. Anayefungua kesi ni mdai, anayejibu ni mdaiwa. Mdai huwasilisha hati ya madai, nawe huletewa nakala pamoja na samansi. Kuanzia siku unapokabidhiwa, saa inahesabu. Kwenye mahakama za serikali kuu una siku 21 za kujibu kwa maandishi. Majimbo yana hesabu zao, na katika kesi za kufukuzwa kwenye nyumba siku hizo huwa chache mno. Usipojibu, mdai huomba hukumu ya upande mmoja, na kwa kawaida huipata bila mtu kuchunguza kama deni ni la kweli. Kampuni zinazonunua madeni ya zamani hulijua hilo vizuri. Zikishapata hukumu, zinaweza kuomba mwajiri wako akate mshahara. Sheria ya nchi nzima inaweka kikomo kwa madeni ya kawaida: hawawezi kuchukua zaidi ya asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima.

Kwa hiyo jibu, hata kama unajua unadaiwa. Kwenye jibu lako kubali yale ya kweli, kana yasiyo ya kweli, na sema pale usipokuwa na taarifa za kutosha. Mtake mdai athibitishe kiasi. Kesi nyingi za namna hii huisha kwa mapatano nje ya mahakama, na mtu aliyejibu hupata mapatano mazuri kuliko aliyejificha. Mkikubaliana, hakikisha yameandikwa na kupelekwa mahakamani. Ahadi ya kwenye simu haizuii hukumu.

Wewe nawe unaweza kudai. Kila jimbo lina utaratibu wa madai madogo ambao umetengenezwa ili watu wa kawaida waweze kujisimamia bila wakili. Kiwango kinatofautiana sana: Kentucky ni dola 2,500, California ni dola 12,500 kwa mtu binafsi, na Texas ni dola 20,000. Mwenye nyumba aliyekataa kurudisha amana yako, fundi aliyechukua hela akaacha gari halijakamilika, huko ndiko pa kuwapeleka. Nenda na risiti, picha, ujumbe wa simu uliochapishwa na shahidi aliyeona kwa macho yake.

Jambo moja linawashangaza wengi: kwenye kesi ya madai mahakama kwa kawaida haikupi wakili wa bure. Kuna ofisi za msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo karibu kila mahali, na New York City tangu 2017 imeweka sheria ya kuwapa wapangaji mawakili katika kesi za kufukuzwa, lakini wewe ndiye wa kuwatafuta. Uwatafute wiki ile ile uliyopokea samansi, usingoje siku moja kabla ya kikao.

Ukishtakiwa

Kesi ya jinai hufunguliwa na serikali. Makosa hugawanywa kwa uzito. Kosa kubwa, ambalo hapa huitwa feloni, ni lile linaloweza kumfunga mtu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kosa dogo, misdimina, kikomo chake kwa kawaida ni mwaka. Chini yake kuna makosa ya faini tu, kama kupita taa nyekundu. Hata hayo yasikuponyoke: kulipa faini ya barabarani mara nyingi ni sawa na kukiri, na kutofika kwenye tarehe iliyoandikwa kunaweza kukuletea waranti ya kukamatwa, ukaja kugundua miaka miwili baadaye polisi akikusimamisha kwa sababu ya taa mbovu.

Kiwango cha ushahidi ndicho kinachotenganisha sana jinai na madai. Kumtia mtu hatiani kwa jinai lazima ithibitishwe pasipo shaka yoyote ya msingi; kwenye madai yatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Ndiyo maana mwanamichezo maarufu O. J. Simpson aliachiwa huru katika kesi ya mauaji mwaka 1995, kisha mwaka 1997 juri nyingine, yaani jopo jingine la raia wa kawaida wanaoamua kesi, ikamkuta anawajibika kwa vifo vile vile na kumtaka alipe dola milioni 33.5.

Sasa tuje kwenye dakika za mwanzo, ambapo kesi nyingi huharibika. Polisi akishakukamata na kutaka kukuhoji, ni lazima akueleze kwamba una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Hilo limetokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1966 katika kesi ya Ernesto Miranda dhidi ya Arizona. Wengi wanalijua kupitia filamu. Wasichokijua ni kwamba haki hizo lazima zidaiwe kwa mdomo, na kwa maneno yaliyonyooka. Mwaka 1994, katika kesi ya baharia aitwaye Davis, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mtu aliyesema labda azungumze na wakili hakuwa ameomba wakili, na polisi hawakukosea kuendelea kumhoji. Mwaka 2010 ikaamua kwamba kukaa kimya tu hakutoshi. Sharti useme kwamba unatumia haki ya kunyamaza.

Hapa adabu yetu inatuponza. Tumefundishwa kutomkatalia mtu wa serikali moja kwa moja, tunazungusha maneno: labda, ikiwezekana, samahani afande, kama haitakuwa shida. Mbele ya polisi wa Marekani maneno hayo hayana nguvu ya kisheria. Sema sentensi mbili, kwa sauti ya heshima, na usiongeze ya tatu: nataka wakili, sitajibu maswali bila wakili. Kama hujui Kiingereza, taja Swahili, na usitie saini karatasi usiyoielewa. Usidanganye, usikimbie, usimguse afisa. Ukiwa unaendesha gari, toa leseni na bima kama sheria inavyotaka. Kunyamaza si utovu wa adabu, na juri haiambiwi iutumie ukimya huo kukutia hatiani.

Ukikabiliwa na kifungo na huna fedha, serikali inapaswa kukupa wakili. Haki hii ina historia ambayo kila mhamiaji anastahili kuijua. Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon, mtu maskini asiye na elimu kubwa, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pulu mjini Panama City, Florida. Akaomba wakili, jaji akamjibu kwamba jimbo hutoa wakili kwa kesi za adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akashindwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Gerezani akachukua penseli akaiandikia Mahakama ya Juu ombi kwa mkono wake. Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana naye. Kesi ikarudiwa Agosti mwaka huo, safari hii akiwa na wakili aliyejua kumhoji shahidi, na baada ya muda wa kama saa moja juri ikamwachia huru.

Wakili huyo wa umma watu wetu wengi humwogopa kwa sababu mshahara wake unatoka serikalini. Usimwogope. Sheria inamfunga kutunza siri zako na kukutetea wewe, hata dhidi ya serikali inayomlipa. Tatizo lake halisi ni wingi wa kesi. Msaidie: mwandikie majina ya mashahidi, mpe namba zao, mwambie mapema kama wewe si raia na una hadhi gani ya uhamiaji.

Baada ya kukamatwa utafikishwa mahakamani usomewe mashtaka. Jaji atauliza unajibu nini. Kukana shtaka siku hiyo si uongo wala si dharau. Ni kuitaka serikali ithibitishe, na karibu kila wakili atakushauri hivyo. Kisha litakuja suala la dhamana. Katika majimbo mengi kampuni za dhamana hukulipia mahakamani, nawe huwapa takriban asilimia 10 ambayo hairudi hata ukishinda. Illinois ilifuta kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Masharti ya dhamana, kama kutovuka mpaka wa jimbo au kutokunywa pombe, yashike kama yalivyoandikwa.

Maswali ya jaji kabla ya kukubali kwako

Filamu zinaonyesha juri na hotuba ndefu. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za hatia nchini hapa zinatokana na watu kukiri, wengi wao baada ya makubaliano na mwendesha mashtaka: kiri hiki, tukuondolee kile. Kenya na Tanzania nazo zina utaratibu wa aina hiyo kwenye sheria zao, ila kwa Marekani ndiyo njia kuu.

Kabla ya kupokea kukiri kwako, jaji atakuuliza maswali mfululizo. Umesoma hadi darasa la ngapi? Umetumia dawa au pombe leo? Umezungumza na wakili wako ya kutosha? Unaelewa kwamba unaachilia haki ya kusikilizwa na juri, haki ya kuwahoji mashahidi, haki ya kunyamaza? Kuna mtu amekutisha au kukuahidi kitu? Unaelewa kwamba kama wewe si raia unaweza kuondolewa nchini? Ulifanya nini hasa? Kila swali linangoja jibu la ndiyo au hapana, na mkalimani analitafsiri haraka. Mswahili mwenye adabu, aliyechoka, anayetaka jambo liishe aende kazini, huitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kila ndiyo inarekodiwa neno kwa neno. Baadaye akisema hakuelewa, wataifungua rekodi wamwonyeshe.

Kwa hiyo swali lisilokuelea, sema: sijaelewa, naomba nizungumze na wakili wangu. Jaji atasimamisha kikao. Hatakasirika, maana hata yeye hataki kukiri kutakakofutwa kesho.

Wasio raia wana hatari nyingine, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 2010, katika kesi ya Jose Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumletea kufukuzwa nchini. Padilla alikuwa mkazi halali kwa miaka 40 na aliwahi kulitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, na ushauri huo haukuwa sahihi. Sheria ya uhamiaji huhesabu mambo kwa namna yake. Kifungo kilichosimamishwa, ambacho hujakaa jela hata siku moja, bado huhesabiwa. Wizi wenye adhabu ya mwaka mmoja unaweza kuingia kwenye kundi la makosa mazito yanayofunga karibu milango yote, ilhali adhabu ya siku 364 haingii. Siku moja tu. Kwa sababu hiyo majimbo kama Washington, California na New York yalibadilisha sheria zao ili kosa dogo lisizidi siku 364. Bangi nayo, hata pale jimbo linapoiruhusu, bado ni kosa kwa sheria ya serikali kuu na inaweza kumharibia mtu maombi yake. Na rekodi iliyofutwa na jimbo mara nyingi haifutiki machoni pa uhamiaji. Kabla ya kukiri chochote, muulize wakili wako wa jinai kama amewasiliana na mtaalamu wa uhamiaji, na usikubali jibu la juu juu.

Wazee wakitaka kusuluhisha

Mume na mke wamegombana, jirani amepiga simu, polisi wamemchukua mume. Kwetu hatua inayofuata inajulikana: wazee wanakaa, mkosaji anaomba radhi, familia inarudi pamoja. Nia ni njema, na mimi nauheshimu utamaduni huo. Lakini kesi ya jinai Marekani si mali ya mke wala ya ukoo. Ni ya jimbo, na anayeweza kuiondoa ni mwendesha mashtaka. Mke akisema amesamehe, kesi inaweza kuendelea bila yeye kutaka.

Zaidi ya hapo, jaji mara nyingi hutoa amri ya kutowasiliana: mshtakiwa asimkaribie mlalamikaji, asimpigie, asimtumie ujumbe, wala asimtume mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ni pamoja na mchungaji, shangazi na mwenyekiti wa jumuiya. Mzee anayekwenda kumwomba mke aache kesi anaweza kumrudisha mume ndani kwa kuvunja amri, na yeye mwenyewe akatuhumiwa kuvuruga shahidi. Hata mke akimwita mume arudi nyumbani, amri inamfunga mume mpaka jaji aibadilishe. Kwa asiye raia, kuvunja amri ya ulinzi ni sababu ya kuondolewa nchini. Wazee wanaotaka kusaidia wana kazi nyingine ya kufanya: wawatafutie watoto chakula na usafiri, wamtafutie mshtakiwa mahali pengine pa kulala, na wamwachie wakili aombe amri ilegezwe. Na mwanamke anayepigwa ana haki ya kuomba amri ya ulinzi bila kungoja kikao cha ukoo.

Mkalimani

Omba mkalimani mapema, kwa maandishi, na uombe tena siku ya kikao. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa asili yao, na kwa msingi huo mahakama nyingi za majimbo hutoa mkalimani bila malipo. Mwanao wa miaka 14 asitafsiri kesi yako, wala rafiki wa kanisani. Mkalimani wa mahakama ameapa kutafsiri kila kitu, hata tusi, na haruhusiwi kukushauri.

Taja Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akipewa mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana kwenye maneno muhimu. Kama lugha unayoiota ni Kibembe au Kinyarwanda na Kiswahili ulikiokota kambini, sema hivyo. Unapomtaja kaka, eleza kama mmezaliwa tumbo moja au ni mtoto wa baba mdogo. Mtu aliyeandika kwenye fomu kwamba ana kaka mmoja, kisha akawataja watatu mbele ya jaji, huonekana mwongo. Saa nazo zieleze kwa asubuhi, mchana au usiku. Tafsiri isipoeleweka, inua mkono palepale.

Mahakama ya uhamiaji

Hii ina jina la mahakama, lakini haiko chini ya mhimili wa mahakama. Iko chini ya Wizara ya Sheria, na majaji wake ni watumishi wa wizara hiyo. Juri haipo. Mkalimani ni wa bure, ila wakili ni kwa gharama yako. Kesi huanza na hati ya kuitwa, ambayo hueleza kwa nini serikali inataka kukuondoa. Vikao vya kwanza ni vifupi, kesi inatajwa tu na watu wengi hukaa chumba kimoja. Kikao cha kusikiliza ushahidi huja baadaye. Rufaa yake huenda kwenye bodi iliyoko Falls Church, Virginia, na kutoka hapo kwenye mahakama ya rufaa ya serikali kuu.

Usipofika, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini siku hiyo hiyo bila wewe kuwepo. Tangu 2025 maafisa wa uhamiaji wamekuwa wakikamata watu kwenye majengo ya mahakama hizi, na hofu iliyowaingia watu naielewa. Hata hivyo kujificha kunaipa serikali ushindi wa bure. Zungumza na wakili kabla, uliza kama anaweza kuomba kikao kifanyike kwa video. Hali ya kesi unaweza kuisikiliza kwa simu ya bure 1-800-898-7180, ukiwa na namba yako ya uhamiaji inayoanza na herufi A.

Jihadhari na wajaza fomu. Kongo noteri ni mtu mkubwa wa sheria. Marekani anayegonga mhuri wa kuthibitisha saini si mwanasheria, na hana ruhusa ya kukushauri kuhusu uhamiaji. Muulize kila anayekuomba hela akuonyeshe leseni ya uwakili au kibali cha Wizara ya Sheria.

Wito wa juri na rufaa

Majina ya juri hutolewa kwenye orodha za wapiga kura na, katika majimbo mengi, za madereva. Kwa hiyo asiye raia naye hupata barua. Usiipuuze, na usiende kwa kuona umeheshimiwa. Weka alama kwamba wewe si raia, itie saini, irudishe. Kudai uraia usio wako, kwenye fomu hiyo au ya kupiga kura, ni kosa linaloweza kukufungia milango ya uhamiaji moja kwa moja. Ukiwa raia, nenda. Tangu 2020 kesi za jinai nzito katika majimbo yote zinahitaji juri ikubaliane kwa kauli moja, kwa hiyo sauti yako peke yako inaweza kuzuia mtu asiye na hatia asifungwe.

Ukishindwa, rufaa ipo, lakini si kesi mpya. Mahakama ya rufaa haipokei mashahidi wengine. Inasoma kumbukumbu kuona kama sheria ilikosewa. Katika mfumo wa serikali kuu una siku 30 kwa kawaida kwenye madai na 14 tu kwenye jinai. Mahakama ya Juu huchagua kesi chache, na lazima majaji 4 kati ya 9 watake kuisikiliza.

Mwisho, anwani. Ukihama, ijulishe mahakama yenye kesi yako. Mahakama ya uhamiaji inataka taarifa hiyo ndani ya siku 5 za kazi, kwa fomu yake yenyewe, na idara ya uhamiaji inataka yake ndani ya siku 10. Kujulisha posta au mmoja wao hakumfikii mwingine. Kama umehama tangu ulipopokea barua ya mwisho na hujafanya hivyo, fanya leo.